MZUNGU ALIYEONA THELUJI AKAITWA MWONGO

Je, ni kweli sayansi imemfukuza Mungu? Soma habari za Johannes Rebmann uamue mwenyewe.

Mpendwa kijana,

Kabla hujaitumia karatasi hii kufungia karanga, hebu nipe dakika chache. Najua umesimama pembeni ya mkutano, huna nia ya kuokoka, umefuata muziki tu. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Lakini kuna jambo nataka kukueleza, na silo la kukutisha.

Siku moja hapa Kimuli nilipita kijiweni kwa vijana wa bodaboda kuwashuhudia. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akanisimamisha mbele ya wenzake. Akaniuliza mimi nimesoma wapi. Nikamjibu kweli: darasa la saba, na baadaye kozi ya Biblia. Akacheka. Akasema sayansi imeshamaliza habari za Mungu siku nyingi, na kwamba dini imebaki kwa watu ambao hawakwenda shule. Wenzake wakapiga makofi.

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikamtishia moto wa jehanamu nikaondoka. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nimemkosea kijana yule, kwa sababu aliuliza swali nami nikamrushia jiwe.

Tangu siku ile nikaanza kusoma habari za watu waliomjua Mungu na pia wakaifaa sayansi. Nikamkuta mmoja ambaye maisha yake yaligusa hata nchi yetu hii ya Karagwe, ingawa yeye hakufika. Kwa hiyo leo ninalipa deni langu kwa kijana yule, na kwako wewe.

MTOTO WA MKULIMA

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Hakuzaliwa kwenye jumba la wakubwa. Wazazi wake walikuwa wakulima wa zabibu, watu wa jembe kama wazazi wako wanaopalilia kahawa na migomba. Akiwa kijana aliitika wito wa Mungu, akaenda kusomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha London. Chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza kilichoitwa CMS kikamtuma Afrika Mashariki.

Alifika Mombasa Juni 1846, akiwa na miaka 26. Alimkuta mmisionari mwenzake, Mjerumani pia, Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga hapo hapo pwani. Fikiri unapokewa kazini na mtu ambaye ameshachimba makaburi mawili. Wengi tungegeuza na meli ile ile. Rebmann hakugeuza.

Agosti 1846 wawili hao walipanda vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, kwenda kuanza kituo kwa Wamijikenda. Siku ile wote wawili walikuwa wanaumwa homa. Walikuwa hawajiwezi, lakini walikwenda, na Rabai pakawa nyumbani kwa Rebmann muda wa miaka 29.

TAREHE 11 MEI 1848

Pwani watu wa misafara walikuwa wakisimulia habari za mlima mkubwa bara, katika nchi ya Wachagga. Rebmann akataka kwenda kuona kama Injili inaweza kupita huko. Alitoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848 na wapagazi wachache tu, kiongozi wao akiwa Bwana Kheri. Hakwenda na jeshi. Mkononi alishika mwavuli. Watu wa pwani walimwona kama kichaa, maana nyika ile ilikuwa na simba, na kiu, na wanyang'anyi.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei wakiwa njiani aliona milima ya Wachagga mbele yake. Juu ya mlima mmoja akaona kitu cheupe. Mwanzoni alidhani ni wingu. Akamwuliza aliyekuwa anamwongoza, na yule mtu hakuwa na neno la kukitaja kitu kile, akasema tu kwamba ni baridi. Hapo Rebmann akaelewa. Yeye alizaliwa katika nchi ambayo kila mwaka theluji inafunika mashamba. Aliijua theluji kama wewe unavyoijua migomba.

Hakuishia kutazama kwa mbali akarudi kujisifu. Alisogea mpaka Kilema. Novemba mwaka ule ule alisafiri tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Aliandika kwamba mlima una vilele viwili: kimoja upande wa mashariki kifupi na chenye ncha, kingine upande wa magharibi kirefu na cha mviringo, na theluji inakaa juu ya hicho cha mviringo. Ukienda Moshi leo utaona hivyo hivyo. Ni Mawenzi na Kibo.

Na alifanya jambo lingine ambalo nataka ulishike: aliwauliza wenyeji. Wachagga walimsimulia kwamba zamani Mangi mmoja alituma watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe. Wengine walidhani ni fedha. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi. Ilisimuliwa pia kwamba fedha ile ikiteremshwa chini inageuka maji. Sasa wewe niambie, fedha gani inageuka maji? Wachagga walikuwa wanajua mlima wao miaka na miaka kabla Mzungu hajazaliwa. Rebmann hakuugundua. Yeye alikuwa shahidi aliyeona, akauliza wenye mlima, akaandika.

LONDON WAKAKATAA

Habari hizo zilichapishwa Uingereza mwaka 1849 katika gazeti la misioni. Unafikiri wasomi walifurahi? Thubutu! Baadhi yao walimcheka.

Aliyempinga kuliko wote aliitwa William Desborough Cooley. Alikuwa msomi mashuhuri wa jiografia, aliyesoma vitabu vingi vya Waarabu na Wareno kuhusu Afrika. Lakini nchi yenyewe hakuikanyaga. Alikaa London, akachora ramani ya bara la Afrika kutoka kwenye vitabu, na katika ramani yake theluji ya Rebmann haikuwa na nafasi. Kwake yeye habari ile ilikuwa ni ndoto ya mhubiri. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara la Afrika, na bado akashikilia msimamo wake. Wapo waliosema macho ya mmisionari yamemdanganya, labda ni mawe meupe yanayong'aa juani.

Hoja yao kubwa ilikuwa hii: mlima uko karibu na mstari wa ikweta, ikweta ni joto, basi theluji haiwezekani.

Kijana wa Kimuli, wewe ungewacheka. Sisi hapa tuko karibu zaidi na ikweta kuliko Kilimanjaro. Je, hujawahi kuona mvua ya mawe ikichana migomba? Hujawahi kuokota lile donge la barafu ukaliweka mkononi mpaka likayeyuka? Lilitoka juu, hapa hapa karibu na ikweta. Kumbe juu kuna baridi.

Tena sayansi yenyewe ndiyo inayotueleza. Fungua valvu ya tairi la pikipiki iliyojaa upepo, weka kidole. Hewa inayotoka ni ya baridi, kwa sababu hewa iliyobanwa ikipata nafasi inatanuka, na ikitanuka inapoa. Hewa inayopanda mlimani ni hivyo hivyo. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa wastani nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana ukitoka Dar es Salaam ambako usiku unatupa shuka, ukifika Karagwe unatafuta sweta. Sasa piga hesabu. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Zidisha 6 kwa karibu 5.9, unapata kama nyuzi 35. Kama pwani ni nyuzi 28, kule juu ni 7 chini ya sifuri. Maji hayawezi kukaa maji hapo.

Kwa hiyo nani alikuwa upande wa sayansi? Rebmann na mwavuli wake, au bwana wa vitabu kule London?

WALIOKWENDA KUPIMA

Neno la mtu mmoja halikutosha. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa nchi ya Ukambani, aliuona Mlima Kenya, nao una theluji. Ule ndio uko kwenye ikweta kabisa. Naye hakusadikiwa.

Zikapita zaidi ya miaka 10. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alikwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, kijana Mwingereza aliyesomea elimu ya miamba. Walikwenda na vyombo vya kupimia. Walipanda mpaka kama mita 2,500, wakazuiwa na hali ya hewa, lakini waliupima mlima kutoka pande mbalimbali na kuona kwamba ile nyeupe ni theluji kweli. Mwaka 1862 Decken alirudi na mwenzake Otto Kersten, wakapanda mpaka karibu mita 4,300. Huko theluji ikawaangukia wao wenyewe.

Baadaye chama cha jiografia cha Uingereza kikampa Decken nishani ya dhahabu. Mambo yakaisha. Bwana Cooley peke yake akaendelea kukataa. Na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wakisaidiwa na wenyeji, walifika kileleni wakakanyaga barafu ile kwa miguu yao.

Hebu angalia vizuri hapa, maana ndipo moyo wa habari hii ulipo. Decken na Thornton hawakwenda kule kutetea Biblia. Walikwenda kupima. Na kwa sababu walipima kwa uaminifu, wakasimama pamoja na mhubiri. Sayansi ya kweli haikumwaibisha Rebmann. Sayansi ya kweli ndiyo iliyomtoa aibu. Aliyemwita mwongo alikuwa ni mtu aliyeshaamua kabla hajatazama.

Mtu wa namna hiyo yuko kila mahali. Yuko shuleni, yuko kijiweni, na nakiri mbele zako, yuko hata kanisani. Ni kama yule anayenunua kahawa yako kwa butura, ikiwa bado maua. Hajaiona buni, hajapima mzani, ameshapanga bei.

REBMANN NAYE ALIKOSEA

Nisikudanganye nikamfanya Rebmann malaika. Alikosea, tena kwa mambo makubwa.

Akiwa pwani, yeye na mmisionari mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Kila mmoja aliwaambia kwamba njia yake inaishia kwenye maji makubwa. Basi wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, limejipinda kama konokono. Ramani hiyo ikatolewa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Haikuwa sahihi. Si ziwa moja, ni maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika, na hili letu la Viktoria.

Lakini wasomi walifanya nini safari hii? Walituma watu wakaone. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Afrika Mashariki, na Januari 1857 wakapita Rabai kumwona Rebmann. Walimtaka afuatane nao, yeye akabaki kwenye kazi yake. Wao wakaenda bara. Agosti 1858 Speke akaliona ziwa Viktoria upande wa Mwanza. Akataka kurudi kuchunguza zaidi. Novemba 1861 Speke na mwenzake James Grant wakaingia Karagwe, wakapokewa vizuri na Mfalme Rumanika. Babu zetu waliwaona. Grant aliumwa mguu mpaka akaachwa hapa Karagwe kwa muda ili apone, wakati Speke ametangulia Buganda.

Umeona? Ramani yenye kosa, iliyochorwa na wahubiri wawili pwani, ndiyo iliyowavuta wapimaji mpaka kwenye vilima hivi vyetu. Na kosa lile lilirekebishwa na watu waliokwenda wakaona.

Mimi nimejifunza hapa jambo ambalo kozi ya Biblia haikunifundisha. Mtu wa Mungu hapaswi kuogopa kupimwa. Kama ni theluji, itabaki theluji. Kama ni ziwa nililolichora vibaya, acha nirekebishwe, na Mungu hatapungua kitu. Aliyeumba ziwa hakosi usingizi kwa sababu mtumishi wake amekosea idadi ya maziwa.

NIKUAMBIE KOSA LANGU

Kwa sababu nimesema habari za kosa la Rebmann, ni haki niseme na la kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alipata kifua kikuu. Zahanati wakampa dawa za miezi 6. Akaja kwenye maombi, mhubiri mmoja akamwombea, na kumwambia kwamba sasa akimeza dawa anaonyesha kutoamini. Mimi nilikuwepo. Nilisema amina, tena kwa sauti. Ndugu yangu akaziacha dawa. Alijisikia nafuu wiki chache, kisha kikohozi kikarudi na damu. Alikonda mpaka nikawa nambeba mgongoni kama mtoto. Mama yake hakunisema kitu. Alinitazama tu, na macho yale bado ninayo.

Tukamrudisha hospitali. Ilimchukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, maana ugonjwa huu ukikatizwa dawa vijidudu vinakuwa sugu. Leo ni mzima, anachunga ng'ombe wake. Lakini hataki kusikia habari za kanisa, na siwezi kumlaumu. Mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Kwa hiyo nakuandikia nikijua ninachosema. Ukiombewa, shukuru Mungu, na meza dawa mpaka daktari akuambie umemaliza. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, za kisukari, za presha, au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, mtu yeyote asikwambie uzitupe, hata akishika Biblia kubwa kiasi gani. Akili iliyopata dawa ile ni zawadi ya Mungu. Na kama ni uponyaji wa kweli, vipimo vya hospitali vitauona. Theluji haiogopi kupimwa.

MIAKA 29

Sasa turudi kwa Rebmann tumalize, maana maisha yake hayakuwa mlima peke yake.

Safari yake ya tatu uchagani mwaka 1849 ilimwumiza. Alitaka kupita mpaka Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga alimnyang'anya karibu vitu vyote alivyobeba. Akarudi pwani hana kitu, amechoka, anaumwa. Hakwenda tena uchagani.

Mwaka 1851 alioa mke Mwingereza, Emma. Walipata mtoto wa kiume, akafa akiwa mchanga. Krapf akarudi Ulaya kwa sababu ya afya. Erhardt akaondoka. Rebmann na Emma wakabaki. Mwaka 1866 Emma naye akafa. Rebmann akabaki peke yake.

Alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo? Alihubiri, na waliompokea walikuwa wachache sana, unaweza kuwahesabu. Aliandika lugha. Alikaa na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akamwuliza neno moja baada ya lingine mpaka akapata kamusi nzima ya lugha ya kwao. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, mwenyewe akiwa ameshakufa. Wakati soko la utumwa Zanzibar lilikuwa linampa mtu kama Salimini bei, Rebmann alikaa chini kama mwanafunzi akafundishwa naye.

Halafu macho yakaanza kufifia. Yale macho yaliyoona theluji, yale macho waliyosema yanamdanganya, sasa yakapofuka. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani, kwa mara ya kwanza tangu 1846. Aliyemshika mkono njiani alikuwa kijana Mwafrika wa Rabai, Isaac Nyondo, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale waamini wa mwanzo kabisa. Fikiri mambo hayo. Mzungu aliyekuja kuwaonyesha watu njia, anaondoka akiongozwa njia na mtoto wa watu hao.

Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 huko Korntal, akiwa na miaka 56. Baadaye pande moja la barafu ya Kilimanjaro likapewa jina lake. Na barafu yenyewe inaisha. Wapimaji wanasema tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshapotea. Iko siku mtoto wako atapita Moshi na asione kitu cheupe, na ukimwambia palikuwa na theluji atafikiri ni hadithi. Atalazimika kuamini mashahidi.

LAKINI KANISA LIKO

Theluji inaisha, lakini hebu nenda uchagani leo uone makanisa. Nenda Rabai, utaikuta misioni aliyoianza kwa homa. Mtu aliyekufa akidhani hajavuna, mavuno yake unayaona wewe.

JE, WEWE UNASEMAJE?

Mpendwa kijana, sitakudanganya kwamba theluji ya Kilimanjaro inathibitisha kuwa Mungu yupo. Haithibitishi. Kipimajoto kinapima joto, hakipimi Mungu. Sayansi inajibu vizuri swali la jinsi: jinsi barafu inavyokaa juu, jinsi kijidudu kinavyokula pafu. Lakini ukimzika mama yako, ukiulizwa uliumbwa kwa ajili ya nini, ukikaa usiku na dhambi uliyomtendea ndugu yako kama mimi nilivyokaa na yangu, hakuna mzani wa kulipima hilo. Na mwanasayansi mwaminifu atakuambia hivyo hivyo, kwamba kazi yake haifiki huko.

Ninachokuomba ni kimoja. Usiwe Cooley. Usikatae kitu ambacho hujakwenda kukitazama. Umesikia kijiweni kwamba Biblia ni hadithi. Je, umeisoma? Umesikia kwamba Yesu ni dini ya Wazungu. Je, umemtafuta? Kuna mwanafunzi mmoja wa Yesu aliyeitwa Tomaso, hakukubali kuamini mpaka aone na kugusa. Soma Yohana sura ya 20. Yesu hakumfukuza. Alimkaribisha aguse. Na katika Yohana sura ya 1 yuko mtu aliyedharau habari za Yesu kwa sababu ya kijiji alichotoka, kama vile wengine wanavyodharau Kimuli. Rafiki yake hakubishana naye. Alimwambia tu aje aone.

Nami sibishani nawe. Kama una swali gumu, njoo nalo. Sitakutishia tena moto kwa sababu nimekosa jibu. Nikikosa jibu nitakuambia nimekosa, tutalitafuta pamoja.

Na kama moyo wako unagongwa wakati huu, usingoje mkutano uishe. Hapo hapo ulipo, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie ukweli: kwamba una mashaka, kwamba umekosa, kwamba unataka kumwona. Mwambie akusamehe kwa ajili ya damu aliyoimwaga msalabani, na kwamba kuanzia leo uko tayari kumfuata. Haihitaji kidato cha nne. Haihitaji hata darasa la saba. Halafu njoo mbele ya jukwaa, tuko pale. Tutasali nawe, tutakupa Injili ya Yohana uanze kusoma.

Na wewe kijana wa kijiweni uliyenicheka siku ile, kama karatasi hii imekufikia, nisamehe. Uliuliza swali zuri. Pikipiki yangu ikiharibika nitakuja kwako, na safari hii tutazungumza taratibu.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.